Makofi ya Mjumbe wa Tawi

Tawi letu la chama lilizaliwa kwenye baraza la nyumba ya jirani yangu, na likafa hapohapo. Nayasema haya kwa utulivu, ingawa mimi ni mtu wa hasira za karibu; mke wangu husema naweza kugombana hata na kiti. Jirani huyo alikuwa fundi wa mashine katika karakana kubwa ya kampuni ya shaba pale Kolwezi, mkoani Katanga, nami nilikuwa karani wa ghala hukohuko. Nyumba zetu katika kambi ya wafanyakazi zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilijua saa aliyoamka kwa kikohozi chake, naye alijua kila nilipogombana na mke wangu, na nani aliyeanza.

Wazazi wake walitoka mkoa wa jirani, Kasai. Baba yake aliletwa na waandikishaji wa kazi zama za Wabelgiji, akachimba shaba hadi kifua kikachoka, akazikwa Kolwezi. Jirani mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi, na Kasai aliijua kwa picha moja ya bibi yake iliyotundikwa sebuleni. Mimi, ambaye watu wote waliniita mwenyeji, nilizaliwa mbali sana, kaskazini mwa Katanga, na nilishuka Kolwezi nikiwa kijana mwenye sanduku la mbao, nisiyejua soko liko upande gani. Aliyenionyesha soko ni yeye. Ndiyo maana nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, miaka yote tuliyokaa pamoja.

Alinifundisha mengine pia: majina ya vyuma vya ghalani, namna ya kumjibu msimamizi bila kumjibu, na namna ya kupiga makofi. Hilo la mwisho si mzaha. Enzi za chama kimoja, mgeni mkubwa akija, karakana nzima ilipangwa uwanjani kupiga bani: makofi matatu, matatu, matatu, kisha moja la kufunga, watu mia kadhaa kwa sauti moja. Kiongozi wa bani wa karakana yetu alikuwa jirani yangu. Siku yangu ya kwanza alinitazama ninavyopiga akasikitika.

"Usipige na mikono ya kunyooka," alisema. "Kunja kidogo, uache upepo pa katikati. Itatoa sauti mingi, na haitakuuma."

Nilijifunza vizuri. Ilifika mahali msemaji akimeza mate tu, mikono yangu inaondoka yenyewe. Tulipiga makofi kwa ziara za wakubwa, kwa mipango ya miaka mitano, kwa magavana waliokuja na magavana waliowafuata. Nusu ya yale tuliyoyapigia sikuwahi kuyasikia.

Vyama vingi viliporuhusiwa tulianzisha tawi letu, watu ishirini na kitu kwenye mabenchi mawili, wa Kasai na wa Katanga pamoja, wengi wao wa karakana. Yeye akawa mwenyekiti kwa sababu baraza ni lake. Mimi nikawa katibu kwa sababu ya mwandiko. Mkewe, mama mshonaji mwenye ulimi mkali, alituletea karanga za kukaanga na kutuuliza kama leo tumeshaikomboa nchi au bado.

Wakati huo kazi ilikuwa inatufia mikononi. Ghalani kwangu rafu zilibaki tupu, na siku nzima niliandika neno moja kwenye fomu za mafundi: hakuna. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja kama kawaida, taa za karakana zikawaka asubuhi hadi jioni juu ya mashine zisizokwenda. Unga wa posho ulichelewa, kisha ukawa haujulikani. Watu wenye njaa hutafuta wa kumlaumu, na redioni wakubwa walitutafutia: walisema kazi zetu na nyumba zetu zimeliwa na wageni wa Kasai. Sokoni wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtu niliyeabudu naye kanisa moja, nilimtukana hadharani. Mara ya kumi niliinamisha kichwa nikanunua mboga zangu.

Ndipo ikaja barua kutoka juu. Chama kingefanya mkutano mkuu wa wilaya nzima, siku tatu, katika ukumbi mmoja palepale Kolwezi. Kila tawi lilete mjumbe mmoja, na chini kabisa iliandikwa kwamba ni vyema mjumbe awe mwenyeji. Niliisoma barua barazani kwa sauti, nilipofika kwenye mstari ule nikakohoa.

"Soma tu, katibu," jirani alisema. "Tuko batu bazima, si batoto."

Kwa haki, yeye ndiye aliyepaswa kwenda. Nilisema hivyo, na nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

"Ni weye utaenda," alijibu. "Mi nikienda, batasikia jina yangu ya Kasai tu. Maneno habatasikia."

Basi tukakaa kuyaandika hayo maneno. Tulitaka sentensi moja, fupi, ambayo hakuna mwenyekiti wa mkutano angeweza kuikata katikati. Tuligombana kwa saa mbili, kwa sababu kila mtu alitaka kutia neno lake. Ilipokamilika niliiandika kwa mwandiko wangu wa sherehe: "Sisi wa tawi hili tunaomba mtu yeyote asiondolewe katika nyumba yake wala katika kazi yake kwa sababu ya mahali alikotoka baba yake." Wote waliinua mikono kuikubali. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kusimama mbele ya wajumbe wa wilaya na kuisoma.

Jirani aliniazima koti lake la kijivu, lile aliloolea, nami nikaiweka karatasi kwenye mfuko wa ndani. Mkewe alinizunguka mara moja akinikagua.

"Koti iko muzuri, tata," alisema, akiniita baba kwa heshima. "Lakini na ile viatu, batasema tawi yetu inakufa na njala."

Siku ya kwanza ilikwenda yote katika kuhakikisha wajumbe. Kulikuwa na wachimbaji wa Mutoshi wenye kucha zilizobaki na vumbi la kijani, mabwana wa mjini wenye mikoba, na wakulima waliokuja kwa treni kutoka Kasaji, mji mdogo wa Katanga hukohuko. Mmoja wa hao wa Kasaji, mzee mwenye pampu ya baiskeli mkononi, aliketi kando yangu. Baiskeli aliiacha nje, lakini pampu alikataa kuitenga na mwili wake. Tuliitwa mmoja mmoja, tukaonyesha barua zetu, tukarudi kuketi. Tulikuwa tumeahidiwa wali na kuku. Tulipewa mkate na dagaa wa kopo. Nilinung'unika sana kuhusu dagaa wale, nadhani ili nisifikirie karatasi.

Jioni jirani alikuwa barazani kwake, ameketi kwenye benchi la tawi.

"Ulisoma?"

"Bado, yaya. Leo balikuwa banahesabia batu."

Siku ya pili ilikuwa ya hotuba. Wasemaji sita walipanda jukwaani, na wanne kati yao walizungumza juu ya wageni. Hawakupiga kelele. Walizungumza taratibu, kwa Kifaransa kizuri, kama watu wanaoeleza ratiba ya treni. Niliishika karatasi ndani ya koti hadi ikalowa jasho. Saa sita nilimfuata katibu wa mkutano nikaomba nafasi. Alikuwa mtu mpole. Aliniandika kwenye orodha yake akaniambia nitasema kesho, kwenye kipengele cha mwisho kinachoitwa diveri, mahali pa mambo mengineyo.

"Ulisoma?" jirani aliniuliza jioni.

"Kesho, mu diveri."

Alicheka kidogo. "Diveri njo mahali banawekaka maneno ya batu benye habana nguvu." Kisha akanyoosha kola ya koti shingoni mwangu, akaniambia nikapumzike.

Usiniulize niliota nini. Niliamka nikiwa nimeikariri ile sentensi vizuri kabisa.

Siku ya tatu walisoma maazimio. Ukumbi ulikuwa na joto, na ulinukia vitunguu kutoka jikoni nyuma ya jukwaa. Katibu mpole alisoma azimio kwa sauti moja tu, akanyamaza, mwenyekiti akainua mkono, nasi tukapiga bani: tatu, tatu, tatu, na moja. "Imepitishwa kwa makofi," alisema mwenyekiti. La kwanza lilihusu barabara. La pili lilihusu akina mama wa chama. La tatu silikumbuki. Mimi nilikuwa nimefumba macho, narudia sentensi yangu moyoni, nikimwomba Mungu sauti yangu isitetemeke nitakapofika kwenye neno baba. Katibu akasoma, akanyamaza. Tukapiga bani. Ilikuwa bani nzuri, iliyofungwa vizuri.

Nilifumbua macho kwa sababu upande wangu wa kulia palikuwa kimya. Mzee wa Kasaji hakupiga. Pampu yake ilikuwa magotini, ameishika kwa mikono miwili.

"Tata, ulisikia bile balisoma?" aliniuliza.

"Namba ngapi?"

"Namba ine. Balisema ba Kasai bote batoke mu kazi na mu manyumba, barudie kwabo."

Nilisimama, sijui nilisimama vipi, nikainua mkono na karatasi. Nilisema nina neno kutoka tawi langu kuhusu azimio hilo. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake, bila chuki yoyote, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Mujumbe, ile ilishapita," alisema. "Na weye mwenyewe nilikuona. Ulipiga bani muzuri kupita bote."

Ukumbi ukacheka. Nikaketi.

Tangu siku ile nimemjibu mwenyekiti yule moyoni mara nyingi mno, nikiwa bafuni, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye foleni ya maji. Namwambia: nayarudisha makofi yangu, mheshimiwa, niliyapiga kwa mazoea. Namwambia: andika kwamba tawi letu limekataa. Maneno ninayo mengi sasa. Siku ile niliketi nikaikunja karatasi, nikairudisha mfukoni. Diveri iliahirishwa kwa kukosa muda. Tuliimba wimbo wa kufunga. Kisha wali na kuku vikaja, hatimaye, nami nikapanga foleni nikala. Nilikula hadi mfupa. Mambo mengine ya siku ile naweza kujisamehe, lakini sahani ile sijaweza.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Jirani alikuwa amesimama, hakuketi.

"Ulisoma?"

"Habakunipa nafasi, yaya."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa uongo. Alisugua uso wake kwa kiganja. "Aksanti," alisema. "Ulijikaza." Mimi nikaingia ndani nikamkaripia mke wangu kwa sababu ya ndoo iliyokuwa mlangoni.

Desturi yetu ni kwamba mjumbe akirudi, huwarudishia waliomtuma habari yote, kuanzia sala ya kufungua hadi wimbo wa kufunga. Jumapili baada ya ibada tawi lilikusanyika barazani. Nilisoma taarifa yangu, kurasa nne. Nilipofika azimio la nne nilisoma kwa sauti ileile ya katibu mpole, kwa sababu sikujua sauti nyingine ya kulisomea. Benchi moja lililia mtu alipojisogeza. Nikaongeza kwamba mjumbe wa tawi aliomba neno akanyimwa. Nikamaliza.

Jirani alisimama. Alikuwa mwenyekiti, na taarifa ikisomwa mwenyekiti hushukuru.

"Katibu wetu alichoka sana juu yetu," alisema. "Tumupigie bani."

Akaongoza yeye mwenyewe. Tatu, tatu, tatu, na moja. Watu wa Kasai walipiga, na watu wa Katanga walipiga, mikono imekunjwa kidogo, upepo katikati, sauti nzuri. Mimi niliitazama sakafu. Nilitamani mtu mmoja anitukane, na hakuna aliyenitukana, wakanishika mkono wakaenda makwao. Kesho yake mke wangu alipiga koti pasi nikalirudisha. Karatasi ilibaki kwenye mfuko wa ndani. Niliisahau, au nilitaka kuisahau.

Majuma yaliyofuata yalikwenda haraka. Jirani aliambiwa na msimamizi, kwa upole tena, asije kazini. Mawe yalianguka juu ya bati lake mchana kweupe, na juu ya langu pia kwa sababu bati ni moja. Siku moja vijana wa chama, chama changu, walipita wakitoa watu nyumba kwa nyumba. Jirani walimpa muda wa kufunga mizigo. Alipokwisha kutoka, mmoja wao aliniuliza kama ningependa kuvunja ukuta wa katikati ili nyumba yangu ipanuke. Nilimfukuza kwa ufagio hadi barabarani. Hasira yangu ilikuwa imefika, ila ilifika imechelewa.

Familia zilikaa kituoni zikingoja treni ya kwenda Kasai. Zilikaa siku, kisha majuma, chini ya maturubai na mashuka, wengine juu ya magodoro waliyowahi kuokoa. Kila adhuhuri mke wangu alipika bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki wa kukaushwa, nami nikapeleka. Jirani alikula, akaosha mikono, akaniuliza habari za karakana kana kwamba yuko likizo. Ile picha ya bibi ilikuwa imefungwa kwenye shuka, uso ndani. Tulizungumza kila kitu isipokuwa mkutano.

Siku mabehewa yalipokuja yalikuwa ya mizigo, yasiyo na viti wala madirisha. Nilifika na sufuria nikamkuta amevaa koti la kijivu katika jua lile, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kulifunga. Mkewe alikuwa ameketi juu ya sanduku la cherehani. Nilipomkabidhi sufuria, jirani alitia mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi.

"Katibu," alisema, "hii njo yako."

Niliona mwandiko wangu wa sherehe, na nikashindwa kuipokea. Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama reli.

"Yaya, namba ine... mi nilipiga makofi. Nilikuwa nimefunga macho, sikusikia. Lakini nilipiga."

"Bani?"

"Bani."

"Mpaka ile moja ya kufunga?"

"Mpaka ile ya kufunga."

Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaikunja kidogo kama alivyonionyesha uwanjani miaka ile.

"Mi njo nilikufundisha," alisema.

Nililia, na sioni haya kuliandika. Aliyezungumza ni mkewe, juu ya cherehani yake, na hakuwa na huruma nyingi.

"Mulipiga makofi bote babili, miaka yote, na siye bamama tuliwaangalia. Sasa tunaenda. Tulikutuma usome, tata. Soma."

"Hapa, mama?"

"Unataka bakupe nafasi?"

Basi nikaichukua karatasi nikasimama mbele ya mlango wa behewa. Mle ndani watu walikuwa wameshabanana, vikongwe juu ya masanduku, akina mama na sufuria zao, fundi wa karakana yetu na mlango wa nyumba yake aliokataa kuuacha. Mama mmoja aliuliza huyu ni nani tena. Jirani akamjibu, "Ni mujumbe wetu."

Nikasoma. Sauti ilitetemeka palepale nilipoogopa, kwenye neno baba, lakini niliimaliza. "Sisi wa tawi hili tunaomba mtu yeyote asiondolewe katika nyumba yake wala katika kazi yake kwa sababu ya mahali alikotoka baba yake." Nikanyamaza, nikangoja, kwa mazoea.

Hakuna aliyepiga. Walinitazama tu, wote, na mimi nikawatazama. Jirani akanyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha ndani ya koti. Kisha akampandisha mkewe, tukainua cherehani pamoja, akapanda yeye. Treni ilipoondoka nilikuwa bado nimesimama pale. Mikono yangu ilinuka samaki, na sikujua niiweke wapi.